Msichana Niliyemzamisha Sabaki

Mama mkwe wangu alimchukua mwanangu Jumamosi asubuhi, nikiwa na unga hadi viwikoni. Nilikuwa nakanda mahamri ya mkumbo wa pili, wa kwanza ulishanunuliwa wote na mafundi wa gereji, akaingia bila hodi. Yeye hupiga hodi hata akija kwa mwanawe wa kumzaa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Alimwinua binti yangu aliyekuwa akichezea mwiko sakafuni, akamfunga mgongoni kwa leso, akaniambia neno moja tu.

"Umemzamisha mwenyewe. Mimi namtoa."

Akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani na mikono yangu ya unga, nikiuliza kulikoni, mama, kulikoni, na majirani wakitokeza vibarazani kuangalia sinema ya bure. Akapanda bodaboda, wakashika njia ya Kakuyuni, kwake, mtoto mgongoni akinipungia mkono kana kwamba anapelekwa harusini.

Mwanangu ana miaka mitatu na sijawahi kulala usiku mmoja bila yeye. Nilirudi jikoni nikamaliza mahamri, maana unga ulioumuka haungoji mtu, na kila donge nililolikata nililikata kwa hasira. Nilipotulia kidogo ndipo nikaelewa alichosema. Alikuwa amesikiliza redio.

Sasa lazima nieleze habari ya jina la mwanangu na habari ya kitabu changu, la sivyo utamwona mama mkwe kichaa, na kichaa hakuwa yeye.

Mimi ni mtu wa Malindi mjini. Mume wangu ni Mgiriama wa Kakuyuni, kwao ni Waislamu tangu babu yake. Binti yetu alipozaliwa alilia siku tisa. Si kilio cha njaa wala cha tumbo, nakijua cha tumbo. Hospitali walimpima wakasema hana kitu. Siku ya tisa mama mkwe akaja na bakuli la maji, akamlaza mtoto mapajani, akaanza kuita majina ya watu wao waliokwisha kufa, mmoja mmoja, na kwa kila jina tone la maji utosini. Alisema mtoto analilia jina lake, na sisi tunamziba mdomo kwa ziwa. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata angeita majina ya mabasi ningekubali. Kwenye jina la tano mtoto akanyamaza. Akapiga chafya, akalala.

Lilikuwa jina la bibi yake mama mkwe, yule aliyemlea. Kwenye cheti cha kuzaliwa mwanangu ana jina jingine, la dini, lakini nyumbani ni hilo. Na tangu siku ile mama mkwe humwita hawe, ndiyo bibi kwa Kigiriama. Hawe, umekula? Hawe, nipishe nipite. Mwanamke wa miaka sitini na kitu anamwomba njia mtoto anayekojoa kitandani. Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani ni utani.

Kitabu nacho kilianza kwa hasira, kama mambo yangu mengi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaishia hapo. Tulipokuwa shule tulisoma kwamba Waingereza waliwaamuru Wagiriama waliokuwa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki wavuke waje kusini, nyumba zao zikachomwa, wakahamishwa. Basi. Neno moja, wakahamishwa, kama viti. Mwalimu akafungua ukurasa mwingine. Mimi nilibaki pale pale kwenye ukurasa ule na nilikuwa na miaka kumi na sita. Walihama na nini? Kuku unamvusha vipi mtoni? Mzee asiyeweza kutembea alibebwa na nani? Nilipoolewa nikajikuta nimeingia katika ukoo wa watu wale wale waliovuka, na maswali yakaanza kuniwasha upya.

Basi nikaanza kuandika. Saa nne asubuhi, mahamri na mbaazi zimekwisha, mtoto amelala, natoa daftari. Hadithi ya msichana mmoja wa zama zile. Na kila nilipokwama nilikwenda kuuliza. Kule Sabaki mvuvi mmoja alinionyesha mahali ambapo watu huvuka kwa miguu mto ukipungua, akaniambia nisiamini maji yanayofanana na chai ya maziwa, hayaonyeshi chini. Ngomeni, mume wangu anakofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, mama mmoja muuza samaki aliniambia kwao zamani mtu akiwa majini haitwi kwa jina lake. Utampigia mluzi, utamwita wewe, utamwita fulani. Jina hapana, maji yasije yakalijua. Nikaandika yote. Nilikuwa na furaha nayo kama mtu aliyeokota kito.

Swali moja tu sikulipatia jibu. Moto. Watu hawa hawakuwa na viberiti mfukoni. Umechomewa nyumba, unavuka mto mpana, unafika ng'ambo usiku unakaribia, mna watoto wachanga. Mtapikia moto gani? Nilimuuliza mama mkwe, mwaka jana, tukiwa kwake tunapukuchua mahindi. Nikamwambia, mama, wewe umelelewa na bibi aliyevuka, moto waliuvusha vipi?

Akaniangalia. Halafu akasema niwaulize walimu wangu, akainuka kwenda kuteka maji. Na mtungi ulikuwa umejaa, niliuona kwa macho yangu.

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa na mwalimu kweli. Kuna kikundi chetu cha waandishi, watu saba, tunakutana Jumatano jioni chumba cha nyuma cha maktaba moja hapa mjini, na kiongozi wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtu wa heshima zake, koti hata jua likiwaka. Alisoma sura zangu tatu akasema lugha nzuri ila hadithi kavu. Binti, alisema, hadithi ya pwani isiyo na jini? Isiyo na mzimu? Watu wanataka ladha. Akataka nitie udi, nitie kafara, na yule msichana mto umchukue, msomaji alie.

Ningemwambia hapana. Sikumwambia. Nilimwona yeye ndiye anayejua vitabu, mimi najua mahamri. Nikamzamisha msichana. Nikatia mzimu wa mto wenye nywele ndefu, ambao sijausikia kwa mtu yeyote wa Sabaki, nimeutunga juu ya beseni la unga. Na kwa kuwa mwalimu alisema jina la mhusika liwe zito, la kale, lenye harufu ya mahali, nikampa jina lile la nyumbani kwangu. Nililipenda. Nililiona linakaa vizuri kwenye sentensi. Kisha mama yake msichana akasimama ukingoni akaliita jina hilo mara tatu, na mara ya tatu mto ukajibu. Yaani nilichukua ile ya muuza samaki wa Ngomeni, kwamba jina haliitwi majini, nikaitumia kama pilipili, nikaivunja kwa makusudi ili ipendeze. Sikujiuliza hata sekunde moja jina lile sasa hivi liko juu ya kichwa cha nani.

Ijumaa ile ya kuamkia Jumamosi, baada ya alasiri, kituo kimoja kidogo cha redio kilianza kutupa nusu saa kila wiki tusome kazi zetu. Nilisoma mimi mwenyewe. Na ni mimi mwenyewe niliyempigia mama mkwe simu asubuhi yake kumwambia asikose kusikiliza. Aliwaalika majirani. Wakakaa na redio katikati, wanashona makuti, wakanisikia nikiliita jina la bibi yake, jina la mjukuu wake, ndani ya Sabaki, mara tatu, kwa sauti ya kuigiza.

Mume wangu nilipompigia simu Jumamosi alisema mama ni mama, mwache akae naye siku mbili tatu, zile ni karatasi tu. Nikamwambia kama ni karatasi tu basi mama yake amrudishe mtoto. Akasema mtandao mbaya. Mtandao wa Ngomeni huwa mbaya nikianza kusema kweli.

Jumapili nikaenda Kakuyuni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, anashona makuti, na mwanangu kando yake anakula kiazi kitamu. Mbele yao palikuwa na kile kigingi cha mti walichomsimamishia bibi yao, koma wanakiita, kimevaa kitambaa kipya cheupe. Mama mkwe anaswali swala tano na hajawahi kuona tatizo kati ya hayo mawili. Siku nyingine ningemuuliza kuhusu hicho kitambaa. Siku hiyo nilipayuka. Nilimwambia mtoto ni wangu, nimemzaa kwa kisu, hana ruhusa. Nilimwambia ile ni hadithi, watu wanajua ni hadithi, hakuna aliyekufa. Aliniacha nikamaliza. Alikuwa anapitisha kamba, anavuta, anapitisha, anavuta.

Nilipokosa pumzi akasema, "Mtu wa majini hana kaburi. Jina lake litakaaje juu ya mtoto?"

Nikamwambia bibi yake hakufa majini. Alikufa mzee, kitandani, yeye mwenyewe alikuwepo.

"Mimi najua. Jina linajua? Limesikia linaitwa mtoni, halijasikia likitolewa." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Kinywa kilichomtia ndicho kimtoe. Kwenye redio ile ile. Ukimtoa, mwanao huyo hapo. Mpaka siku hiyo hawe anakaa na hawe mwenzake."

Mwanangu akaninyooshea kiazi chake nikiume. Nikakaa chini.

Sasa nitasema jambo ambalo mama yeyote akitaka anicheke. Nilikuwa nimekuja kumchukua mtoto, na ningeweza kumchukua, mama mkwe hakuwa na nguvu za kunizuia. Nilimwangalia mtoto, hana homa, hana shida, ana kiazi. Halafu nikajisikia nauliza, "Alitokaje?"

Kamba ikapita, ikavutwa.

"Nikisema alitoka, lazima nijue alitokaje, mama. La sivyo nitatunga tena uongo."

Akaniambia nisogee nimshikie fito. Nikashika. Basi alisimulia hivyo, bila kuniangalia, tukiwa tumeshikilia kuti moja kila mtu upande wake, na sitaandika kwa maneno yake kwa sababu nusu yalikuwa Kigiriama na mengine yalikuwa ni mikono tu.

Bibi yake alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitatu. Siku ya kuvuka kila mtu alipewa chake cha kubeba. Wanaume mbuzi na wazee, akina mama nafaka na wachanga. Yeye alipewa moto. Moto ulivushwa kwenye chungu: chini majivu, katikati mavi ya ng'ombe makavu yaliyoshikwa na moto polepole bila kuwaka, juu majivu tena, na kigae cha kufunikia. Unakitia kichwani juu ya kata ya majani, unakishika kwa mkono mmoja. Nyumba zilikuwa zimeshachomwa, na moto wa nyumba iliyochomwa na adui hawakutaka kupikia. Huo wa kwenye chungu ndio uliokuwa moto wao, ulitoka kwenye meko yao kabla askari hawajafika.

Mkono mmoja wa chungu. Mkono wa pili alipewa mdogo wake, msichana wa miaka sita.

Katikati maji yalimpiga. Chungu kikayumba. Akakishika kwa mikono miwili.

Mama mkwe akakaza fundo, akachukua kuti jingine. Kisha akasema tu kwamba jioni ile, ng'ambo, kila mtu alipika kwa moto wa chungu kile. Familia zote. Walikuja na vijinga vyao wakachukua, na mama yake mwenyewe naye akachukua, akapika, wakala. Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyezungumza. Na yeye hadi anakufa hakuruhusu moto wa nyumba yake uzimike, hata mchana wa jua kali. Mama mkwe utotoni kazi yake ilikuwa kuamka alfajiri kuupulizia, na akikuta umefifia alikuwa anachapwa kweli kweli, na hakujua kwa nini mpaka alipokuwa msichana mkubwa.

Ndipo nikakumbuka ule mtungi uliojaa. Nilimuuliza swali langu la moto kama mtu anayeuliza bei ya sukari.

Hasira haikuniisha, nisikudanganye. Ilihama tu. Niliporudi Malindi peke yangu nilikuwa na hasira na mwalimu, na zile nywele ndefu za mzimu wangu, na nafsi yangu zaidi ya wote. Nilikuwa nimetafuta ladha ya pwani kwenye udi na mizimu, na muda wote ilikuwa kwenye mavi ya ng'ombe na majivu. Na jambo lenyewe nililolitunga kwa ujinga, kwamba Sabaki ilichukua msichana, lilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwita asiye yeye.

Niliandika siku tatu. Mahamri yaliungua mara mbili. Tatizo halikuwa kumtoa msichana majini, tatizo lilikuwa ule mkono. Mama mkwe hakuniambia niuandike wala nisiuandike. Aliniambia nimtoe bibi yake, basi. Nikaandika anaingia mtoni, chungu kichwani, maji yanapanda kiunoni, kifuani. Maji yanampiga. Anashika chungu kwa mikono miwili. Anatoka. Nani alikuwa ameushika mkono wa pili sikusema. Anayejua atajua.

Jumatano mwalimu alisoma akavua miwani. Akaniuliza mzimu umeenda wapi. Nikamwambia umehama. Akaniuliza mbona hakuna anayekufa, msomaji atalia wapi? Nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo yako iko pale pale, lakini sura hii siigusi." Wenzangu wakaangalia madaftari yao. Akasema nitajuta, kisha akauliza, taratibu, ni kweli walibeba moto kwa mavi ya ng'ombe? Nikamwambia ndiyo. Akauliza yanakaa muda gani bila kuzimika. Sikujua. Tukabaki tunashangaa wote wawili, mwalimu na muuza mahamri, tukibishana kama yangefika asubuhi. Alifurahi siku hiyo kuliko siku zote nilizomjua.

Ijumaa nikasoma. Wale wa redio walitaka kuanza na muziki, nikawaomba wasianze na kitu. Nilisoma mpaka msichana anapokanyaga mchanga wa ng'ambo, na hapo nikalitaja jina lake, mara moja, kwa sauti yangu ya kawaida. Nikasema huyu hapa, ametoka. Kisha nikakunja karatasi.

Jumamosi asubuhi nikasikia hodi. Nikasema karibu kabla hodi haijaisha. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mtoto ameshika ncha ya leso yake, amenenepa mashavu. Nikamwamkia, akaitika, marahaba mwanangu, uzima? Mtoto akanipita akaenda moja kwa moja kwenye mwiko wake.

Nilimpa chai na mbaazi. Alikula, kisha akaanza. Mbuzi si wengi vile, walikuwa wanne. Na kata haikuwa ya nguo, ni ya majani, aliniambia majani na mimi nikasema nguo. Na mvua haikunyesha siku hiyo, mvua nimeitoa wapi? Nikachukua daftari nikaandika yote, nimenuna, maana mvua yangu niliipenda.

Alipomaliza kunisahihisha akanawa mikono. Akasema, "Ule mkono mwingine uliuficha."

Nikamwambia sikujua kama ameniruhusu.

"Andika. Wote wamekufa, hakuna wa kuona haya. Ila majina yaache. La hawe litoe kitabuni, umeshalirudisha, usilichezee tena." Nikaitikia. Ndiyo maana msichana wangu sasa ni msichana tu, kuanzia ukurasa wa kwanza, na hapa pia sikumtaja mtu.

Lakini mimi ni mimi. Alikuwa ameshajifunga leso, ameshafika mlangoni, nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza yule mdogo, wa miaka sita, aliitwa nani. Siku ile na bakuli la maji, kati ya majina aliyoita, lake lilikuwemo?

Alimwangalia mwanangu, aliyekuwa anasonga ugali wa hewa kwenye sufuria tupu.

"Halikuwemo," alisema. "Hajaja bado mtoto wa kulilia hilo."